Walimu 38, projekta 2, vishikwambi 12: msaidizi wa TEHAMA aanzie wapi?

Chaki na Waya

Wakuu, habari za kazi.

Nimekabidhiwa jukumu la kuwasaidia walimu wenzangu kutumia vifaa vya TEHAMA darasani. Shule ni sekondari ya kutwa, kidato cha kwanza hadi cha nne, mikondo mitatu kila kidato. Vilivyopo ni projekta 2 za taa (zote zina matundu ya picha ya VGA na HDMI), laptopu 6 ambazo 4 bado ni Windows 10, ruta moja ya kawaida na vishikwambi 12 vya shule, mbali na vile walivyopewa walimu baada ya Sensa ya 2022. Umeme upo, ila unakatika. Bando la shule ni dogo na linaishia kwenye kazi za ofisi.

Mafunzo ya ukumbini yalishafanyika, watu walisaini mahudhurio, na bado projekta zinachukuliwa na walimu watatu, wale wale.

Naomba mwongozo kwa mambo haya:

1. Kazi ya kila siku naipangaje? Nina vipindi vyangu pia, siwezi kuitwa kila darasa kuchomeka waya.
2. Projekta moja inasema hakuna mawimbi karibu kila mara. Nyingine inawaka vizuri, ikifika kama robo saa inajizima.
3. Nataka wanafunzi wapate video na maswali bila bando. Njia gani imara?

---

Mama Taaluma

Mwalimu, nianze na hilo la kwanza maana ndilo linalobeba mengine.

Usianze na kifaa, anza na andalio la somo. Mwalimu akija na "nifundishe projekta", muulize kesho kutwa anafundisha mada gani na wanafunzi huwa wanakwama hatua ipi. Mwalimu wa Baiolojia atakwambia mzunguko wa damu: picha ya ubaoni imesimama, vali hazionekani zikifunga na kufunguka. Hapo umepata sababu ya kuwasha projekta. Mwalimu wa Fizikia atakwambia saketi mfuatano na saketi sambamba, na vifaa vya maabara havitoshi. Hapo unampa zoezi la saketi la PhET (majaribio ya sayansi ya kuigiza kwenye kompyuta), ambalo linashushwa kama faili moja na linafunguka kwenye kivinjari bila intaneti. Mwalimu asiye na hatua kama hiyo wiki hii, mwache afundishe kwa chaki na umtafute wiki ijayo. Projekta ya kuonyesha maandishi yaliyonakiliwa kitabuni haina faida yoyote kuliko ubao.

Kipindi ni dakika 40. Kama vifaa havijafungwa kabla, dakika 7 au 8 zimekwenda kabla hujasema neno. Kwa hiyo mshauri mwalimu atumie teknolojia dakika 10 hadi 12 tu katikati ya somo, na video iwe fupi, dakika 3 au 4. Aisimamishe mahali alipopanga, swali likiwa tayari limeandikwa ubaoni. Video ikichezwa mfululizo mpaka mwisho darasa linaigeuza sinema, na mwalimu anakosa pa kuingilia.

Utaratibu wangu wa kumfikisha mwalimu mmoja:

Siku moja kabla, tumia kipindi chake cha bure, dakika 25, ndani ya chumba atakachofundishia, kwa laptopu ile ile na projekta ile ile. Ukifanyia mazoezi ofisini, darasani atakuta soketi iko upande mwingine na waya haufiki. Kipanya kishikwe na mwalimu muda wote. Wewe weka mikono nyuma. Hili ni gumu kuliko linavyosikika, kwa sababu akikosea mkono wako unakwenda wenyewe. Ukimfanyia, kesho atakuita tena.

Somo la kwanza kaa nyuma ya darasa. Somo la pili uwe ofisini, simu imewashwa. La tatu asikuhitaji. Mimi namhesabu mwalimu amefuzu akiweza mambo manne peke yake: kuunganisha, kupata picha, kupata sauti, na kuzima kwa utaratibu. Mengine ni ziada.

Mwandikie kadi ya nusu karatasi, hatua zisizozidi nane, yenye picha za rimoti na soketi za projekta yenu hasa. Picha za projekta nyingine zinachanganya. Kadi ifungwe kwa kamba kwenye mfuko wa projekta, isikae mezani kwako.

Usichukue walimu 38 kwa mpigo. Chukua wanne, kila mmoja idara yake, ambao wenzao huwauliza mambo hata yasiyo ya kompyuta. Na omba mkuu wa shule aingize kazi hii kwenye jumuiya za kujifunza za MEWAKA (Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini), ili iwe na muda wake kwenye ratiba na isionekane kama hisani yako.

---

Fundi Lenzi

Haya matatizo mawili ya projekta usiyachanganye, dawa zake hazifanani.

Hakuna mawimbi. Mara nyingi projekta ni nzima. Fuata mpangilio huu: washa projekta, subiri mwanga utulie, chomeka waya, kisha washa au amsha laptopu. Bonyeza Source kwenye projekta mpaka ifike kwenye tundu unalotumia kweli. Angalia nyuma kwa makini: projekta nyingi zina matundu mawili ya VGA yanayofanana, moja la kuingizia picha na jingine la kuitoa kwenda skrini nyingine. Ukichomeka kwenye la kutolea utabonyeza Source mpaka kengele igonge. Bandika kipande cha karatasi juu ya lile la kutolea, tatizo litaisha kwa walimu wote.

Kisha kwenye laptopu bonyeza kitufe cha Windows pamoja na P, chagua Duplicate. Picha ikija imekatwa kingo au projekta ikidai masafa hayakubaliki, shusha ukubwa wa picha hadi 1024 kwa 768.

Bado? Badili waya kabla ya kulaumu laptopu. Waya wa VGA utazame pini. Ile moja ya safu ya katikati kukosekana (namba 9) ni kawaida, hivyo usiutupe. Pini nyingine ikipinda au kukatika, rangi ndiyo inayokwambia: bluu ikipotea picha inakuwa ya njano, kijani ikipotea inakuwa ya zambarau, nyekundu ikipotea inakuwa ya samawati. Pini iliyopinda inyooshwe kwa kibano chembamba, taratibu. Waya wa HDMI wa bei ndogo uliozidi mita 10 nao ni chanzo kizuri cha picha inayokuja na kupotea.

Sauti: VGA haibebi sauti, lazima spika ichomekwe kwenye laptopu. HDMI inaibeba, na ndiyo maana mwalimu akichomeka HDMI spika zake zinanyamaza ghafla. Sauti imehamia kwenye kispika kidogo cha projekta. Bofya alama ya spika chini kulia, chagua spika za laptopu.

Inajizima baada ya robo saa. Hiyo ni joto, na kwenye madarasa ya chaki mshukiwa wa kwanza ni chujio la hewa. Angalia taa ndogo juu ya projekta: ikiwaka ile iliyoandikwa Temp ni joto, ikiwaka ya Lamp ni taa yenyewe. Chomoa umeme, acha ipoe, fungua kifuniko cha pembeni, toa chujio, lipige taratibu nje ya darasa na ulipitie kwa brashi laini. Usilipulize kwa mdomo likiwa ndani, unga wa chaki utaingia kwenye lenzi na vioo. Ukiliosha, likauke kabisa kabla ya kulirudisha. Kwenye darasa la chaki fanya hivi kila wiki. Projekta isilazwe juu ya kitambaa wala kusogezwa chini ya sentimita 30 kutoka ukutani, matundu yake ya hewa yatazibwa.

Kuzima: bonyeza kitufe mara mbili, subiri feni isimame yenyewe ndipo uchomoe. Umeme ukikatika taa ikiwa ya moto, usiiwashe mara unaporudi. Ipe dakika 10. Kwa projekta ya taa hata UPS (kifaa chenye betri ya akiba) ndogo ya VA 650 ina maana. Kazi yake si kuendeleza somo, ni kukupa dakika chache za kuipoza kwa feni. Kukatika huku kunaweza kuua taa kabla ya muda wake.

Ukubwa wa picha, jambo ambalo wengi hawalipimi: kimo cha picha kiwe angalau sehemu moja ya sita ya umbali hadi dawati la mwisho. Dawati la mwisho likiwa mita 9, kimo ni mita 1.5. Kwa projekta ya umbo la 4 kwa 3 upana unakuwa mita 2. Kama uwiano wa lenzi yake (umbali hadi ukutani ukigawanywa kwa upana wa picha) ni 1.5, iweke mita 3 kutoka ukutani. Pima mara moja, chora alama ya rangi sakafuni katika kila chumba, na mwalimu hatahangaika tena. Maandishi yasipungue ukubwa wa 28. Mapazia ya darasa zima si lazima, ziba madirisha mawili yaliyo karibu na picha kwa kitambaa kizito cheusi.

---

Mwalimu wa Pwani

Nawasalimu kutoka upande wa Kenya. Huku shule za msingi zilipata vifaa vya mpango wa ujuzi wa kidijitali kuanzia 2016: tabuleti za wanafunzi, laptopu za walimu, projekta na seva ya maudhui yenye ruta. Kwa hivyo la vishikwambi nalifahamu vizuri.

Kinachoua vifaa hivi ni kabati zaidi ya mikono ya watoto. Vikifungiwa likizo nzima betri ikiwa sifuri, baadhi havitawaka tena, kwani betri ya lithiamu ikishuka mno mzunguko wake wa ulinzi hukataa kupokea chaji. Kabla ya kufunga shule uvichaji hadi asilimia 50 au 60, uvizime kabisa (si kufunga skrini tu), na uviweke mahali pasipo na joto. Wakati wa muhula vichajiwe siku moja kabla, vyote 12 kwa pamoja havizidi kama wati 120 hadi 180, hivyo ekstensheni moja nzuri inatosha. Usipange kimoja juu ya kingine vikiwa vinachaji.

Kila kimoja kiandike namba nyuma kwa kalamu isiyofutika, na mwanafunzi wa dawati fulani apewe namba ile ile kila mara. Skrini ikipasuka utajua ilikuwa mikononi mwa nani, na muhimu zaidi, ugawaji utachukua dakika 2 badala ya 10.

Kwa Mama Taaluma, sikubaliani nawe kuhusu mwalimu mmoja mmoja. Walimu wa somo moja wakikaa wawili wawili wanaendelea kusaidiana wewe ukihamishwa. Mmoja akishika kipanya, mwenzake asome kadi.

---

Mama Taaluma

Wawili wa somo moja ni sawa kabisa, mradi vipindi vyao vya bure vikutane. Ninachokataa ni kundi la watano na kipanya kimoja. Wanne watatazama tu.

---

Seva ya Kijijini

Kwa swali la tatu usinunue seva. Chukua moja kati ya zile laptopu 4 za Windows 10 yenye RAM ya GB 4 na nafasi ya GB 100 iliyo wazi. Windows 10 iliacha kupata masasisho ya kawaida ya usalama tarehe 14 Oktoba 2025, kwa hiyo laptopu hiyo inafaa zaidi kazi ya ndani isiyogusa intaneti kuliko kujazia matokeo ya wanafunzi.

Weka Kolibri, programu ya bure ya kusambaza masomo ya shirika la Learning Equality, iliyotengenezwa hasa kwa mahali pasipo na intaneti. Kazi ya kushusha maudhui ifanyike mahali penye intaneti ya kasi, uyahamishie kwenye diski ya nje, itajitengenezea folda ya KOLIBRI_DATA. Shuleni unachomeka diski na kuchagua kuingiza kutoka kwenye diski. Usishushe Khan Academy (mkusanyiko wa video na mazoezi ya masomo) nzima, ni makumi ya GB na robo tatu yake hakuna atakayeifungua. Chagua mada zinazolingana na azimio la kazi la muhula huu. Mazoezi ya PhET yamo pia, na yapo maudhui ya Kiswahili yanayosaidia kidato cha kwanza wanapotoka msingi. Vitabu vya kiada vya TET (Taasisi ya Elimu Tanzania) viko Maktaba Mtandao, hiyo inahitaji bando, iweke kando.

Sasa mtandao, hapa ndipo wengi wanaanguka.

Laptopu iunganishwe na ruta kwa waya, kwenye tundu la LAN (la vifaa vya ndani) wala si lile la WAN (la kuingizia intaneti) lenye rangi tofauti. Ukiunganisha laptopu kwa Wi-Fi, kila kipande cha video kinapita hewani mara mbili, kutoka laptopu hadi ruta na kutoka ruta hadi kishikwambi, na kasi inakatika nusu. Usitegemee hotspoti ya Windows badala ya ruta, inapokea vifaa 8 tu na wewe una 12.

Ingia kwenye mipangilio ya ruta, itengee laptopu anwani isiyobadilika, tuseme 192.168.0.100. Usipofanya hivyo, siku umeme ukirudi anwani itakuwa nyingine na kadi zote ulizoandika hazifai. Wanafunzi wataandika kwenye kivinjari http://192.168.0.100:8080, na ile http:// isiachwe, vinginevyo kivinjari kinadhani ni neno la kutafuta na kinaomba intaneti. Ukishafungua mara moja, weka njia ya mkato kwenye skrini ya mwanzo ya kila kishikwambi.

Ukurasa ukifunguka kwenye laptopu yenyewe lakini vishikwambi havioni kitu, sababu huwa ni moja: Windows imeuita mtandao huo wa umma na ukuta wake wa kinga umefunga mlango. Ubadilishe uwe Private na uiruhusu Kolibri. Pia zuia laptopu kulala kifuniko kikifungwa.

Tatizo la vishikwambi: Android ikiona Wi-Fi haina intaneti inaihama kimya kimya. Kwa vile vya walimu vyenye laini, inarudi kwenye data za simu na ukurasa unakataa kufunguka. Zima data, unganisha, na ukiulizwa kama ubaki kwenye mtandao usio na intaneti, kubali na uweke alama ya kutouliza tena.

Jaribio la mwisho kabla ya siku ya somo: fungua video ile ile kwenye vishikwambi vyote 12 kwa wakati mmoja. Kimoja kitafaulu daima, hicho si kipimo. Video zikikwama, inua ruta hadi mita 2 ukutani katikati ya chumba, na uchague chaneli 1, 6 au 11, ile isiyotumiwa na jirani. Wanafunzi 45 wakigawanywa wanne wanne kwa kishikwambi, mmoja akiandika na mmoja akisoma maswali, inatosha.

Na ukiona laptopu inakataa kila tovuti ikidai muunganisho si salama, tazama saa kabla ya yote. Betri ndogo ya ndani, CR2032, ikiisha tarehe inarudi miaka ya nyuma na vyeti vya tovuti vinaonekana batili. Betri hiyo ni bei ndogo, duka lolote la saa linayo.

---

Chaki na Waya

Asanteni sana, nimeanza kuchora alama za sakafuni leo leo. Chujio la ile inayojizima lilikuwa jeupe kama unga.

Maswali mawili ya nyongeza. Kuna betri ya 12V 100Ah ya asidi ilikuwa ya taa za bweni la zamani, bado nzuri. Inaweza kuendesha projekta umeme ukikatika? Na flashi za walimu: mafaili yanageuka njia za mkato, mwalimu anafika darasani hana somo.

---

Fundi Lenzi

Inaweza, ila piga hesabu kwanza. 12 mara 100 ni Wh (wati-saa) 1,200. Betri ya asidi usiishushe chini ya nusu, kwa hiyo unazo 600. Inveta (kifaa cha kugeuza umeme wa betri uwe kama wa ukutani) inakula asilimia 10 hadi 15, zinabaki kama 520. Projekta ya taa wati 270, laptopu 50, spika 10, jumla 330. Unapata saa moja na nusu hivi, yaani vipindi viwili vya dakika 40. Ukiweka projekta kwenye hali ya kubana matumizi unaongeza robo saa au zaidi kidogo.

Inveta iwe ya wimbi safi, wati 600. Waya wa kutoka betri hadi inveta usizidi mita 1.5 na usiwe mwembamba kuliko milimita za mraba 16, kwa sababu upande wa 12V unapita ampea 30 hivi na waya mwembamba utapata moto. Fyuzi ya ampea 60 ikae karibu na ncha chanya ya betri. Chaja ya ampea 10 itairudisha kwa kama saa 6. Ikae nje ya darasa au penye hewa, inatoa gesi ikichaji.

---

Seva ya Kijijini

Za flashi: mafaili hayajafutwa, kirusi kimeyaficha na kuweka njia za mkato mahali pake. Usibofye njia ya mkato hata moja, hiyo ndiyo inayokiamsha. Kagua flashi kwanza kwa kinga ya Windows iliyomo ndani, kisha fungua dirisha la amri na uandike (kama flashi ni E):

attrib -h -r -s /s /d E:\*.*

Mafaili yatatokea, mara nyingi ndani ya folda isiyo na jina. Yanakili kwenye laptopu, futa njia za mkato, kisha fomati flashi kwa exFAT, kwa sababu FAT32 haipokei faili moja linalozidi GB 4.

Ila ukisafisha flashi na kuiacha kompyuta iliyoiambukiza, Jumatatu utarudia. Kwenye shule nyingi chanzo ni mashine moja, ile ya kuchapia mitihani inayopokea flashi za kila mtu, au stationeri ya nje wanakochapisha. Anza na hiyo. Na kwa masomo yenyewe, fungua folda ya pamoja kwenye ile laptopu ya seva, mwalimu aweke faili lake humo jioni akiwa kwenye Wi-Fi ya shule, darasani alifungue kutoka humo. Ahifadhi pia nakala yake ya PDF, maana PowerPoint ya zamani ikikosa fonti, milinganyo ya Hisabati inavurugika, na PDF haiguswi na hilo.